Kushinda Njaa na Kushinda na Njaa: Nyimbo za Ustahimilivu katika Somo la Kiingereza

Lugha haiingii katika kinywa cha mwanadamu kwa mlango mmoja tu. Wako waipatao kwa kitabu, wako waipatao sokoni, na wako waipatao kwa wimbo. Katika shule zetu za sekondari mlango huu wa tatu umekuwa wazi siku zote. Kijana asiyeweza kuandika aya moja ya Kiingereza pasipo makosa huweza kuimba wimbo mzima wa Kiingereza toka mwanzo hadi mwisho. Zamani aliupata kwa redio. Siku hizi huupata kwa simu ya mkononi. Wako walimu waonao jambo hili kuwa ni upuuzi, na wako walionao kuwa ni dawa ya kila ugonjwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zimekosea. Wimbo ni mwalimu, lakini ni mwalimu asemaye kwa mafumbo, na mafumbo hayana budi kufumbuliwa. Tutachukua nyimbo chache za ustahimilivu zijulikanazo sana na vijana wetu, tuzipime kama tupimavyo shairi, tuone zinatufunza nini juu ya msamiati na sarufi ya Kiingereza, na juu ya Kiswahili chetu wenyewe.

Tuanze na hali ya mwanafunzi. Mtoto aliyezaliwa mkoani Singida, mkoa ulioanzishwa mwaka 1963, aghalabu hukua na lugha ya nyumbani kwao: Kinyaturu, Kinyiramba, Kigogo huko Manyoni, Kitaturu, au Kihadza katika sehemu za Mkalama. Akiingia shule ya msingi ya serikali hukuta Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule hizo tangu wakati wa Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Akifika kidato cha kwanza hukuta kwamba hisabati, jiografia na biolojia zimevaa vazi la Kiingereza, lugha ambayo alikuwa akiisoma kama somo moja tu kati ya masomo mengi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike hata katika sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walipima uwezo wa wanafunzi wetu wakaona kwamba walio wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Mabishano juu ya jambo hilo yangali yanaendelea, nasi hatukusudii kuyamaliza hapa. Tunalosema ni kwamba mwanafunzi aliye darasani leo hawezi kungojea mabishano yaishe. Yeye ana lugha tatu za kubeba, na mara nyingi kitabu kimoja cha kusoma na wenzake watatu au wanne. Ndiyo sababu wimbo, ambao haununuliwi dukani wala haugawanywi kwa zamu, una thamani kubwa kwake.

Faida ya kwanza ya wimbo ni ya sikio. Kiswahili, kama tujuavyo, huweka mkazo katika silabi ya pili toka mwisho. Nasi tuingiapo katika Kiingereza huingia na desturi yetu hiyo mkononi. Mwanafunzi hulitamka neno "survive" kana kwamba mkazo uko mwanzoni, na "overcome" kana kwamba uko katikati. Kumbe maneno yote mawili huweka mkazo mwishoni. Mwalimu aweza kuieleza kanuni hiyo ubaoni kwa nusu saa na ikasahauliwa kesho yake. Wimbo hauelezi. Huiweka silabi hiyo ya mwisho juu ya pigo la ngoma, au huivuta kwa sauti ndefu, na mwimbaji hawezi kukosea pasipo kuharibu muziki. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini sikio peke yake humfanya mtu awe kasuku, na kasuku hakupata kufaulu mtihani.

Hebu tutazame mfano wa hasara ya ukasuku. Mwaka 1974 mwimbaji wa Jamaika, Bob Marley, alitoa wimbo uitwao "No Woman, No Cry". Nani asiyeujua? Lakini mwulize mwanafunzi maana ya jina hilo, naye, kwa kufuata sarufi aliyofundishwa, atakujibu mara moja: pasipo mwanamke hapana kilio. Vijana wa kiume wamelifanya jambo hili kuwa mzaha, kwamba eti mwanamke ndiye asili ya machozi ya mwanamume. Basi wimbo mzuri wa kumliwaza mwanamke umegeuzwa kuwa tusi juu yake. Katika Kiingereza cha watu wa kawaida wa Jamaika, "no" ya pili husimama mahali pa "do not". Mwimbaji anamwambia mwanamke wa mtaa wa Trenchtown, mjini Kingston, aliyeonja ufukara pamoja naye: La, mama, usilie. Wimbo huo ulisajiliwa kwa jina la Vincent Ford, mtu wa mtaa huo huo aliyekuwa na jiko la kuwapikia maskini. Ni wimbo wa watu walioshiriki chungu kimoja.

Angalia sasa jinsi Kiswahili kisivyoruhusu kosa hilo. Tusemapo "usilie", kiambishi cha kwanza chamtaja anayeambiwa, cha pili chaleta katazo, na irabu ya mwisho yaonyesha kwamba hili ni ombi. Hapana nafasi ya kuyumba. Kiingereza cha kitabuni nacho kina njia yake, "do not cry", na hiyo ndiyo ya kuandikwa katika mtihani. Kiingereza cha Jamaika kina njia nyingine, nayo si ujinga wala uvivu. Ni sarufi ya watu waliotolewa Afrika kwa nguvu, wakalazimika kuunda lugha kutokana na walichokisikia. Mwalimu asimwambie mwanafunzi kwamba Marley alikosea. Amwambie kwamba kila lugha ina baraza lake, na mwenye busara hujua ni baraza gani amekaa. Akisema hivyo, atakuwa amefundisha katazo la Kiingereza na historia ya Waafrika ng'ambo kwa somo moja.

Tuje katika mfano wa pili, ambao ndio moyo wa makala haya. Ziko nyimbo mbili za Kimarekani ambazo majina yake yamejengwa kwa mbao tatu tatu: "We Shall Overcome" na "I Will Survive". Kila jina lina kiwakilishi, kitenzi kisaidizi cha wakati ujao, na kitenzi chenyewe. Kwa Kiswahili mbao tatu hizo huwa neno moja: tutashinda, nitasalimika. Mwanafunzi wa Kibantu huona ajabu kwamba Mwingereza amevitenga vitu ambavyo sisi tumevifunga pamoja. Basi na avitenge pamoja naye, avitazame kimoja kimoja.

Kwanza kiwakilishi. Wimbo wa "We Shall Overcome" una mizizi katika nyimbo za kanisa za Wamarekani weusi, na huko mwanzo mwimbaji alisema "I", yaani mimi. Mwaka 1945 hadi 1946 wafanyakazi wa kiwanda cha tumbaku cha Charleston, Carolina Kusini, wengi wao wakiwa wanawake weusi, waligoma wakidai haki yao. Inasimuliwa kwamba katika mgomo huo, walipokuwa wakiimba kumaliza siku, mimi iligeuka ikawa sisi. Tokea hapo wimbo ukapelekwa katika shule ya Highlander huko Tennessee, na katika miaka ya 1960 ukawa wimbo mkuu wa watu waliodai haki za raia nchini Marekani. Mabadiliko ya neno moja dogo, ambalo mwanafunzi hulikuta katika ukurasa wa kwanza wa kitabu cha sarufi, ndiyo yaliyoutoa wimbo katika wokovu wa nafsi moja na kuutia katika ukombozi wa umma. Sijui mfano ulio bora zaidi wa kumwonyesha kijana kwamba viwakilishi si orodha ya kukariri.

Wimbo wa "I Will Survive" umebaki na mimi. Ulitungwa na Freddie Perren na Dino Fekaris, ukaimbwa na Gloria Gaynor mwaka 1978. Mwimbaji huyo alikuwa amepasuliwa mgongo baada ya kuanguka jukwaani, na siku ya kurekodi alikuwa amefungwa mkanda wa kuushika mgongo wake. Wimbo husimulia habari za mwanamke aliyeachwa. Huanza kwa wakati uliopita, penye hofu, kisha hupita katika wakati uliopo, na kutua katika wakati ujao. Mwalimu akitaka kuonyesha jinsi nyakati za vitenzi zinavyobeba safari ya moyo, hana haja ya kwenda mbali.

Pili kitenzi kisaidizi. Vitabu vya sarufi vya zamani vilifundisha kwamba "shall" hufuatana na mimi na sisi pale mtu atajapo tu jambo lijalo, na kwamba "will" ikifuatana na mimi au sisi huonyesha azimio la msemaji. Siku hizi Waingereza wenyewe, na Wamarekani zaidi yao, wameiacha kanuni hiyo kwa sehemu kubwa, na "will" hutumika kila mahali. Lakini tukiipima mizani hiyo ya zamani twaona jambo la kushangaza. Mwanamke aliyeachwa asema "will": ameazimia kwa nguvu za nafsi yake. Umma wasema "shall": hauazimii, bali wataja jambo ambalo limekwisha kuandikwa kuwa litakuja, kama mtu asemavyo kwamba kesho jua litachomoza. Hata hivyo, mwimbaji Pete Seeger, mmoja wa wale waliotajwa kuwa ndio walioiweka "shall" mahali pa "will", alieleza sababu nyingine kabisa: kwamba "shall" hufungua kinywa zaidi katika kuimba. Mwanasarufi ana sababu yake, na mwimbaji ana yake. Sisi tutungao mashairi hatushangai. Twajua kwamba mara nyingi neno huchaguliwa kwa ajili ya mizani au kina, kisha maana hulifuata na kukaa humo kana kwamba palijengwa kwa ajili yake.

Tatu kitenzi chenyewe, na hapa ndipo Kiswahili kinapotupa nuru ambayo Kiingereza hakina. Kamusi husema "overcome" ni kushinda, na "survive" ni kuokoka, kunusurika au kusalimika. Ni sawa. Lakini neno letu kushinda lina nyumba mbili. Katika nyumba ya kwanza maana yake ni kupata ushindi. Katika ya pili maana yake ni kukaa mchana kutwa: jioni twaulizana, umeshindaje? Nasi twajibu, nimeshinda shambani. Mkulima wa Ikungi au Mkalama, aishiye penye mvua za msimu mmoja tu kwa mwaka, na pengine msimu huo nao ukawa haba, ajua tofauti ya nyumba hizo mbili kuliko mtunga kamusi. Kushinda njaa ni kuiangusha njaa: kupanda mtama na uwele kwa wakati wake, kuweka akiba ghalani, kuuza alizeti kwa bei ya haki. Kushinda na njaa ni kukaa nayo toka alfajiri hadi magharibi. Kati ya ushindi na mateso pana neno moja fupi kuliko yote, "na".

Kiingereza hakina neno moja lenye nyumba mbili hizo, basi hulazimika kutumia vitenzi viwili tofauti. Mwanafunzi atafsiriye neno kwa neno huanguka hapa. Aidha, yeye hupenda kuongeza kihusishi pasipohitajika. Kwa kuwa sisi husema mtu alinusurika kutokana na ukame, mwanafunzi huandika "survived from the drought". Kiingereza chataka "survived the drought", na vivyo hivyo "overcame the drought", pasipo neno lolote katikati. Na "overcome" ina hila nyingine: wakati uliopita huwa "overcame", lakini katika hali timilifu hurudi kuwa "overcome" kama mwanzo. Tena ikisemwa katika kauli ya kutendwa, "to be overcome", mshindi huwa mshindwa. Hapo mwanafunzi na akumbuke Kiswahili chake: shinda na shindwa hutengwa na herufi moja tu. Akisha kuona kwamba lugha zote mbili hucheza mchezo huo, kila moja kwa njia yake, hatasahau tena.

Mfano wa tatu na wa mwisho ni "Redemption Song", wimbo ambao Marley aliutoa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Humo alichukua wazo la hotuba aliyoitoa Marcus Garvey huko Nova Scotia, Kanada, mwaka 1937: kwamba utumwa wa akili hauondolewi na mtu mwingine ila mwenyewe. Sarufi iliyomo ni ile ya viwakilishi virejeshi, "myself", "yourself", "yourselves", "ourselves", ambavyo wanafunzi wengi huvichanganya. Lakini mtoto wa Tanzania anavyo tayari katika kiambishi "-ji-". Kujitegemea, kujikomboa, kujitawala: maneno haya yalikuwa chakula cha kila siku cha Taifa letu. Tofauti ni kwamba Mwingereza hutenga "yourself" ya mmoja na "yourselves" ya wengi katika kirejeshi chenyewe, hali sisi huonyesha wingi mwishoni mwa kitenzi: jikomboe, jikomboeni. Atakayeeleza hivyo darasani atakuwa amemwonyesha kijana kwamba sarufi anayoitafuta ng'ambo ina ndugu yake nyumbani.

Huenda msomaji akauliza: je, kufunza kwa wimbo na kwa tafsiri si jambo geni lililoletwa juzi? La hasha. Kila asubuhi wanafunzi wetu huimba wimbo wa Taifa, ambao sauti yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule huko Afrika Kusini, na maneno yake yakapata umbo la Kiswahili. Shaaban Robert, mtumishi wa serikali na mshairi, aliwaletea Waswahili tungo za Omar Khayyam kwa kupitia Kiingereza, zikachapwa mwaka 1952. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, "Juliasi Kaizari" na "Mabepari wa Venisi". Na hapo jirani yetu Dodoma alizaliwa Mathias Mnyampala, aliyeishi toka 1917 hadi 1969, ambaye "Ngonjera za UKUTA" zake zilifundishwa katika shule nchi nzima. Mnyampala alitambua kwamba shairi la darasani hufaa zaidi likiwa la watu wawili wanaojibizana, kwa sababu anayejibu hana budi kuelewa alichoulizwa. Kasuku hawezi ngonjera.

Kwa hiyo, ningependa walimu wa Kiingereza waichukue njia hiyo. Wimbo uimbwe kwanza, ili sikio lishibe. Kisha sauti inyamaze, na jina la wimbo au sentensi chache za mwalimu zenye umbo lile lile ziandikwe ubaoni. Wanafunzi wagawanyike pande mbili: upande mmoja uulize kwa Kiingereza, nani anasema, anasema na nani, jambo limepita au linakuja, upande wa pili ujibu. Baada ya hapo kila mmoja atafsiri kwa Kiswahili, na yule ajuaye Kinyaturu au Kinyiramba ajaribu na hicho pia, kisha darasa zima libishane ni tafsiri ipi iliyobeba uzito wote. Kazi hiyo haihitaji mashine. Yahitaji chaki, subira, na mwalimu asiyeogopa kuulizwa.

Limebaki neno moja, nalo ni onyo. Nyimbo za ustahimilivu zina hatari yake. Twapenda kusema mstahimilivu hula mbivu, na methali hiyo ni kweli, lakini haisemi kwamba kuna mtu aliyeupanda mti na kuumwagilia maji. Kumwimbisha mwanafunzi nyimbo za uvumilivu katika darasa lisilo na vitabu wala mwalimu wa kutosha, kisha kumlaumu kwamba hakuvumilia ipasavyo, ni kumfundisha kushinda na njaa. Wale wanawake wa Charleston hawakuimba ili waizoee dhiki yao. Waliimba wakiwa wamegoma. Basi wimbo usifanywe kisingizio cha kutopeleka vitabu Singida au kwingineko. Uwe ni chombo mkononi mwa kijana, akishike pamoja na kitabu, wala si badala yake.

Tukifanya hivyo, nyimbo hizi zitakuwa zimetufaa mara mbili. Zitampa mwanafunzi maneno na kanuni za Kiingereza, na zitamrudisha katika lugha zake mwenyewe akiwa na macho mapya. Na ashinde na Kiingereza, mchana baada ya mchana, hadi akishinde.